Wimbo Uliozaliwa Katikati ya Kazi za Nyumbani

Annie Hawks alizaliwa huko Hoosick, katika jimbo la New York, Marekani. Alianza kutunga mashairi tangu usichana wake. Alipoolewa na kujaliwa watoto watatu, kipawa hicho kingeweza kuzimika katikati ya kulea na kupika. Lakini mchungaji wake huko Brooklyn, Robert Lowry, alimhimiza aendelee: yeye alete maneno, mchungaji atunge tuni.

Siku moja mwaka 1872, akiwa katika kazi za nyumbani, alijawa na hisia ya kuwa karibu sana na Bwana. Hakungoja kazi ziishe, aliandika. Ndivyo ulivyozaliwa wimbo wa kumhitaji Bwana kila saa. Lowry aliutungia tuni na kuuongezea kiitikio.

Mwaka 1888 mumewe alifariki. Baadaye Annie alikiri kwamba hapo kwanza hakuelewa kwa nini wimbo ule uliwafariji wenye huzuni. Alielewa alipofiwa yeye mwenyewe. Maneno ya siku ya furaha yalikuwa akiba ya siku ya msiba.

Basi mama mwenye kipawa asidhani kwamba Mungu anamngoja mpaka watoto wakue. Saa ya kufagia nayo ni saa ya Bwana.