Kwa Nini Tuliwazuilia Maji?

Tulipokuwa watoto palikuwa na mzee mmoja katika kanisa letu la kijijini ambaye kila Jumapili aliketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Mawe ya msingi wa kanisa lile yalichimbwa shambani mwake. Nyimbo aliziimba bila kitabu. Lakini hakuwa amebatizwa, kwa sababu alikuwa na wake wawili. Wao walibatizwa zamani, na watoto wao pia, na mke mkubwa alipokwenda kwenye Meza ya Bwana, mzee alibaki benchini amemshika mjukuu. Sisi watoto hatukuona ajabu yo yote, tukidhani ndivyo Mungu alivyopanga.

Kumbe kanuni ile iliwekwa na wanadamu, tena tarehe yake yajulikana. Mwaka 1888 maaskofu wa Kanisa la Anglikana kutoka pande nyingi za dunia walikutana Lambeth, London. Wakaamua kwamba mume mwenye wake wengi asibatizwe, ila akubaliwe kuwa mwanafunzi na kufundishwa mpaka atakapoweza kuishika sheria ya Kristo. Waliokubali walikuwa 83, waliokataa 21. Kuhusu wake zake, walisema kwamba pengine wangeweza kubatizwa, na jambo hilo wakawaachia viongozi wa kila mahali. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Afrika mama alikuwa Mkristo, watoto Wakristo, na baba mwenye nyumba akabaki mlangoni.

Tusiwahukumu wazee wale upesi. Waliona mateso ya wanawake katika ndoa za namna hiyo, wakaogopa Kanisa lisije likaonekana linayabariki. Wala haikuwa fikira ya Wazungu peke yao. Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwekwa kuwa askofu wa Kianglikana, mwaka 1864, naye alikuwa upande huo. Na kwa upande wa pili alikuwako Mzungu, Askofu Colenso wa Natal, ambaye tangu miaka ya 1850 alisema kwamba kumlazimisha mtu awafukuze wake zake ndipo abatizwe ni kuwadhulumu wanawake wasio na kosa.

Hapo ndipo penye uchungu. Wako waliotii. Mtu alimrudisha mke mdogo kwa wazazi wake, pengine pamoja na watoto, kisha akasimama mbele ya kanisa akabatizwa kwa jina la Yeye aliyewapokea waliofukuzwa. Nani alimwuliza yule mama atakula nini? Twasema wazi kwamba toba ya namna hii ililipwa na mtu mwingine.

Lakini swali lililo chini ya hayo yote si la ndoa. Ni hili: ubatizo ni nini? Je, ni zawadi anayopewa mtu akiisha kuitengeneza nyumba yake, au ni mlango anaouingia ili Bwana amtengeneze? Tukisoma Matendo ya Mitume twaona mitume hawakuchelewa. Towashi wa Kushi aliona maji kando ya njia, akabatizwa, akaendelea na safari yake. Mlinzi wa gereza kule Filipi alibatizwa usiku ule ule, yeye na watu wake wote, na Luka hatuambii kama Paulo alianza kwa kuuliza habari za wake wangapi. Nyumbani kwa Kornelio Roho Mtakatifu alitangulia, maji yakafuata, na Petro hakuthubutu kuwanyima wale ambao Mungu amekwisha kuwapokea.

Basi maji hayana nguvu ya kumwokoa mtu yenyewe. Yule mnyang'anyi msalabani hakubatizwa, na aliahidiwa Paradiso. Petro mwenyewe, katika waraka wake wa kwanza sura ya 3, anaposema ubatizo unaokoa, aongeza mara moja kwamba hasemi juu ya kuondoa uchafu wa mwili, akiuelekeza moyo wetu kwenye kufufuka kwa Yesu Kristo. Hata hivyo maji si pambo tu. Kanuni ya 27 katika zile Kanuni 39 za Kanisa letu yafundisha kwamba aupokeaye ubatizo kwa haki hupandikizwa katika Kanisa. Mkulima ajua kwamba tawi halingojwi lizae kwanza ndipo lipandikizwe.

Zamani wako waliojizuilia maji wenyewe. Kaisari Konstantino aliwapa Wakristo uhuru mwaka 313, akaita mtaguso wa Nikea mwaka 325, lakini alibatizwa mwaka 337 tu, akiwa mgonjwa wa kufa, akavua mavazi yake ya kifalme na kuvaa meupe. Wengi wa siku zile walichelewa hivyo, wakiogopa kutenda dhambi baada ya kuoshwa. Waliyafanya maji kuwa dawa ya saa ya mwisho. Sisi tuliwafanyia wazee wetu lile lile, tofauti ni kwamba wao hawakuomba kucheleweshwa.

Miaka mia kamili ilipita. Mwaka 1988, katika Mkutano mwingine wa Lambeth, maaskofu walishikilia kwamba ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu. Lakini walikubali kwamba mwenye wake wengi akiiamini Injili aweza kubatizwa na kuthibitishwa pamoja na wake zake walioamini na watoto, asilazimishwe kumwacha ye yote, mradi aahidi kutooa tena maadamu wake hao wangali hai, na kanisa la mahali pake limkubali. Katika waliolipigania jambo hili alikuwako Askofu wetu David Gitari, wakati huo wa Dayosisi ya Mount Kenya East.

Mzee wa benchi la nyuma hakuiona siku hiyo. Mwaka 1987 aliugua sana, na kasisi aliitwa usiku. Kwa kuwa alikuwa anakufa, kanuni haikuwa na la kusema. Mke mdogo ndiye aliyeleta maji katika bakuli la jikoni, na sisi watoto tulisimama dirishani. Alipokwisha kubatizwa, mzee aliuliza kama Jumapili angeweza kubebwa mpaka kanisani ili naye aende Mezani. Kasisi akamwambia ndiyo. Alifariki Alhamisi.