Filamu na Kumbukumbu za Vita, Arua na Koboko

Nile Magharibi, nchini Uganda, imejulikana duniani zaidi kupitia Rais Idi Amin aliyetoka huko, katika filamu ya Barbet Schroeder ya 1974 na The Last King of Scotland ya 2006. Kisasi kilichowaangukia raia wa Arua na Koboko katika eneo hilo baada ya Amin kupinduliwa mwaka 1979 hakimo humo. Tarehe 24 Juni 1981, wanajeshi wa serikali waliwaua makumi ya raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua. Jengo la misheni peke yake halisemi. Manusura anayeonyesha mlango kwa kidole mbele ya kamera hulipatia jengo hilo maana na sababu ya kulindwa. Wapo wanaodai kamera hutonesha vidonda. Ni kweli, ndiyo maana idhini ya manusura itangulie. Mashahidi wanazeeka, warekodiwe sasa, palepale Ombaci.