Mafao ya uzeeni Uganda: Mke au mume aliyebaki ana haki gani?

Mwalimu wa shule ya serikali anapofariki dunia Bwera, au mfanyakazi wa kiwanda cha saruji cha Hima anapoaga kabla ya kustaafu, familia hukabiliwa na swali zito mara tu matanga yanapomalizika: fedha alizozichuma marehemu kwa ajili ya uzee wake sasa ni za nani?

Katika wilaya ya Kasese, kama kwingineko Uganda, wengi huamini kwamba mke au mume hupewa mafao hayo moja kwa moja. Sivyo ilivyo. Mwenye mafao anapokuwa hai, mafao ni yake peke yake, kwa kuwa Uganda haina pensheni maalumu ya mwenza. Haki ya mjane au mgane huanza siku mwenzake anapofariki, na huhitaji kuthibitishwa kwa nyaraka.

Mifumo miwili

Jambo la kwanza ni kujua marehemu alikuwa chini ya mfumo upi. Walimu wa shule za serikali, wauguzi wa hospitali za umma kama ile ya Bwera, polisi na watumishi wa wilaya hulipwa pensheni kutoka katika hazina ya serikali. Wafanyakazi wa sekta binafsi, wakiwemo wa viwanda, hoteli, mashirika na shule za binafsi, huwekewa akiba katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF.

Mtumishi wa serikali

Pensheni ya mtumishi wa umma hukokotolewa kwa kuzidisha mshahara wa mwaka kwa idadi ya miezi ya utumishi, kisha kugawanya kwa 500. Theluthi moja ya jumla hiyo huzidishwa kwa 15 na kulipwa kwa mkupuo kama kiinua mgongo. Theluthi mbili zinazosalia hulipwa kila mwezi.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyestaafu akiwa na mshahara wa shilingi 500,000 kwa mwezi, baada ya miaka 30 ya kazi, yaani miezi 360. Pensheni yake ya mwaka ni shilingi 4,320,000. Atapokea kiinua mgongo cha shilingi 21,600,000, na baada ya hapo shilingi 240,000 kila mwezi.

Mstaafu huyo akifariki, muda uliopita tangu astaafu ndio unaoamua. Malipo kwa warithi hufungwa ndani ya miaka 15 tangu siku ya kustaafu. Akifariki baada ya miaka 6, familia itaendelea kulipwa kwa miaka 9 iliyobaki. Akifariki baada ya miaka 15 kutimia, mjane hatarajii pensheni ya kila mwezi kutokana na utumishi wa mumewe. Mtumishi akifariki angali kazini, warithi hulipwa kiinua mgongo cha kifo pamoja na pensheni ya warithi kwa miaka 15.

Mwanachama wa NSSF

NSSF hailipi pensheni ya kila mwezi. Ni mfuko wa akiba: mwajiri huchangia asilimia 10 ya mshahara, mfanyakazi asilimia 5, na akiba huongezewa riba. Mwanachama huchukua fedha zake afikishapo umri wa miaka 55, au miaka 50 iwapo amekaa mwaka mmoja bila ajira. Akifariki, akiba yote pamoja na riba hulipwa kwa mkupuo kwa warithi wake.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliwataka waajiri wote kuchangia, bila kujali idadi ya wafanyakazi walio nao. Pia yalimruhusu mwanachama mwenye umri wa miaka 45 na zaidi, aliyechangia kwa miaka 10 au zaidi, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Wanandoa wanapaswa kukumbuka kwamba kinachochukuliwa mapema hupunguza kile kitakachobaki kwa familia. Marekebisho hayo yalifungua pia mlango wa akiba ya hiari, hivyo mfanyabiashara wa soko la mpakani Mpondwe naye anaweza kujiwekea.

Iwapo wote wawili walikuwa wanachama, kila mmoja ana akiba yake. Kufariki kwa mmoja hakupunguzi akiba ya mwingine.

Ndoa ipi inatambuliwa?

Hapa ndipo wajane wengi hukwama. Sheria za Uganda hutambua ndoa za kanisani, za kiserikali, za Kiislamu, za Kihindu na za kimila. Kuishi pamoja bila ndoa, hata kwa miaka 20 na watoto 6, hakumfanyi mtu kuwa mke au mume mbele ya sheria. Hata hivyo, watoto waliozaliwa hawapotezi haki yao.

Ndoa ya kimila, iliyofungwa kwa mahari kukabidhiwa mbele ya wazee, ni ndoa kamili. Sheria ya mwaka 1973 inawataka wanandoa kuisajili katika muda wa miezi sita baada ya sherehe, na cheti chake ni ushahidi usiopingika. Asiye na cheti hulazimika kutegemea mashahidi, na mara nyingi mashahidi hao ni ndugu wa marehemu, ambao nao wanaweza kuwa wanadai mali ileile.

Kwa familia zilizo na mguu mmoja Bwera na mwingine Kasindi, upande wa Congo, kuna jambo la ziada. Cheti cha ndoa kilichoandikwa kwa Kifaransa kinahitaji tafsiri ya Kiingereza, lugha inayotumiwa na mahakama za Uganda.

Njia ya kudai

Kwa kawaida madai huanza kwa mwenyekiti wa LC1, anayetoa barua ya kuwatambulisha warithi. Cheti cha kifo hutolewa na NIRA, mamlaka ya usajili wa watu. Kisha familia hufika kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, ambaye katika wilaya huwakilishwa na Mtawala Mkuu wa Wilaya, yule ambaye wengi humwita CAO, ili kupata hati ya kutokuwa na pingamizi. Hati hiyo hupelekwa mahakamani, nayo mahakama hutoa barua za usimamizi wa mirathi.

Msimamizi wa mirathi si mmiliki. Shemeji aliyepewa barua hizo anasimamia mali kwa niaba ya warithi wote, na anaweza kushtakiwa akiitumia kama yake.

Pale mali inapogawanywa kwa mujibu wa Sheria ya Urithi kwa sababu marehemu hakuacha wosia, marekebisho ya mwaka 2022 yanampa mwenza asilimia 20, watoto na wajukuu asilimia 75, wategemezi wengine asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Wake wakiwa zaidi ya mmoja, hugawana ile asilimia 20. Nyumba waliyoishi wanandoa haihesabiwi katika mgawanyo huo.

Ya kufanya mkiwa hai

Wanandoa wanaweza kuepusha sehemu kubwa ya migogoro hii kwa hatua chache: kusajili ndoa ya kimila katika ofisi ya gombolola au baraza la mji, kuhakikisha majina katika kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa na rekodi za NSSF au za utumishi yanafanana, kusajili kuzaliwa kwa kila mtoto, na kuandika wosia. Kila mmoja ajue pia namba ya uanachama ya mwenzake na mahali zilipo karatasi. Mjane asiyejua kwamba mumewe alikuwa na akiba hawezi kuidai.