Kutoka Nyamasaria hadi chemchemi za Homa na kuta za Thimlich Ohinga

Mtu wa Pwani akisikia magofu, mawazo humpeleka Gede, Takwa au Jumba la Mtwana. Upande wa ziwa nako kuna kuta za kale, na njiani kuna maji yatokayo ardhini yakiwa moto. Si bustani moja, bali ni sehemu mbili katika kaunti mbili, Homa Bay na Migori. Safari yaweza kuanzia Nyamasaria, mashariki mwa mji wa Kisumu.

Njia

Kutoka Nyamasaria elekea Ahero, penye mashamba ya mpunga, kisha Katito na Kendu Bay. Karibu na Kendu Bay pana Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi ndani ya shimo la volkeno, ambako heroe hutua. Wenyeji husimulia kuwa palikuwa kijiji, kikazama kwa kumnyima bibi kizee hifadhi ya usiku.

Chemchemi

Mlima Homa, wenye zaidi ya mita 1,700, ni volkeno ya zamani iliyochomoza kando ya ziwa. Chemchemi zake zinazojulikana zaidi ni za Abundu. Usitie mguu majini kabla ya kumuuliza mwenyeji, kwani joto hutofautiana hatua kwa hatua. Watoto washikwe mkono. Beba maji yako ya kunywa, maana maji ya chemchemi za volkeno huwa na madini mengi.

Kuta

Lala Homa Bay, kisha asubuhi pitia Rodi Kopany na Ndhiwa hadi Thimlich Ohinga. Kwa Kijaluo, "thimlich" ni msitu mnene wa kutisha, na "ohinga" ni boma. Yakadiriwa kuta zilijengwa karne ya 16. Urefu wake ni kati ya mita 1.5 na 4.5, na milango ni mifupi: mgeni huingia ameinama, na zamani adui naye aliinama vivyo hivyo.

Gede ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Thimlich haina chokaa wala udongo wa kushikiza. Mawe yamepangwa safu ya nje na ya ndani, katikati yakajazwa madogo, na yanashikana kwa uzito wake tu.

Zimesimama kwa sababu kila waliohamia walizikarabati. Wabantu waliishi humo, kisha koo za Wajaluo, na wa mwisho waliondoka katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo si urithi wa kabila moja. UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Gede yetu ikafuata mwaka 2024.

Mgeni afanye nini

Kiingilio hulipwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Beba kitambulisho, kwani mwananchi na mgeni wa nje hawalipi sawa. Ongozana na mwelekezi wa hapo.

La muhimu zaidi: usipande ukuta kupiga picha, wala usichukue jiwe la ukumbusho. Jiwe moja likitoka, la jirani hulegea, na siku hizi hakuna anayeishi humo wa kulirudisha jioni ile ile.