Mwangaza unaobebeka: plake ya jua ilifikaje kwetu Kivu

Wiki hii mama mmoja mkimbizi alinishika mkono akaniuliza: «Mwanangu, hii plake ya jua nani aliileta? Sisi tulizaliwa bila yake, na leo ndiyo kitu cha kwanza watu wanabeba wakikimbia.» Nilimwahidi jibu. Jibu lenyewe ni refu kidogo, kwa hiyo tukae.

Watu wa umri wangu tunakumbuka mabuye ya radio. Yalipochoka, baba aliyatoa, akayaanika juu ya bati mchana kutwa. Jioni tulisikia habari kwa dakika chache tena, kisha sauti ikafifia. Jua halikuwa limeyajaza umeme. Joto liliamsha tu nguvu kidogo iliyobaki ndani. Lakini sisi watoto tuliamini kwamba jua linatia umeme ndani ya mabuye. Kumbe tulikuwa karibu na ukweli kuliko tulivyojua.

Mwaka 1839, kijana Mfaransa wa miaka 19, Edmond Becquerel, aliona kwamba mwanga ukipiga vyuma fulani vilivyotiwa katika maji yenye dawa, umeme kidogo unatokea. Miaka 20 baadaye, mwaka 1859, Mfaransa mwingine, Gaston Planté, alitengeneza batri ya risasi na asidi, ile inayoweza kujazwa tena ikiisha. Batri ya gari ya leo ni mjukuu wake. Lakini vitu hivyo viwili vilikaa muda mrefu bila kukutana. Plake ya namna tunayoijua leo ilizaliwa Marekani mwaka 1954, katika maabara ya Bell, mikononi mwa Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson. Ilitengenezwa kwa silikoni, na katika kila sehemu 100 za nguvu ya jua ilitoa umeme wa sehemu 6 hivi.

Nani aliweza kuinunua? Karibu hakuna. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa mbinguni: mwaka 1958 setilaiti Vanguard 1 ilirushwa ikiwa na plake ndogo za jua. Bado mwaka 1977 wati moja ilikadiriwa kuwa karibu dola 76. Leo kiwandani wati hiyo haifiki hata dola 1. Ndiyo maana baba zetu hawakuiona sokoni, na sisi tunaiona kando ya sabuni na vitenge.

Wakati huohuo, kwetu umeme ulipita njia nyingine. Ruzizi, karibu na Bukavu, bwawa la kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Inga ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972, ya pili mwaka 1982. Kutoka Inga walivuta waya wa kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi, kwa ajili ya migodi ya shaba. Waya huo unapita juu ya vijiji vingi ambavyo havikuwashiwa hata balbu moja. Umeme wa namna ile, ukishapandishwa nguvu sana kwa safari ndefu, hauwezi kuteremshwa kijijini bila mitambo ya bei kubwa. Mwanakijiji aliona nguzo, akalala gizani. Tusimlaumu leo akisema umeme ni mali ya mji.

Kwa hiyo vijiji vilijitafutia. Katika miaka ya 1980, friji za jua zilianza kutunza chanjo katika vituo vya afya vya Zaire vilivyokuwa mbali na nyaya. Misheni nazo zilitumia plake kwa redio ya mawasiliano. Halafu zikaja vita za 1996 na 1998, na baada yake simu za mkononi. Hapo ndipo kila kitu kilibadilika. Simu bila umeme ni jiwe, na mtu alikuwa anatembea hadi sentre yenye jenereta ili kuchaji. Vijana wakaweka kibanda, plake moja juu, batri ya gari chini, waya kumi zikining'inia. Wengi walilipa karo ya shule kwa kazi hiyo.

Hata ziwani mambo yaligeuka. Sambaza tunaowala waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na wanavuliwa usiku, kwa sababu wanafuata mwanga. Wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wanaimba, wanawasha taa. Zamani zote zilikuwa taa za mafuta ya petroli za kupampu, na mafuta yalikula sehemu kubwa ya mapato. Sasa wako wanaotumia taa za batri, zinazojazwa mchana nchi kavu. Upepo hauzizimi.

Jambo moja linauma. Batri nyepesi ya litiamu, iliyouzwa mara ya kwanza na Sony mwaka 1991, ndiyo iliyoingiza umeme mfukoni. Nyingi kati ya hizo zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika Congo yetu, Lualaba na Haut-Katanga. Inatoka kwetu katika magunia, inarudi kwetu katika simu. Ni kweli, mabatri mengi mapya ya kuhifadhi umeme wa jua ni ya chuma na fosfati, hayana kobalti. Lakini mchimbaji wa Kolwezi anayelala gizani anastahili kutajwa katika historia hii.

Sasa turudi kwa swali la mama. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, watu wakakimbilia Sake na Rutshuru. Januari 2025 vita vilipoingia mjini, maji na umeme vilikatika kwa siku kadhaa, na Februari kambi zilizozunguka mji zikabaki tupu. Kila mara watu waliondoka, na nguzo hazikuweza kwenda nao. Umeme wa nguzo unahitaji amani. Plake ndogo inahitaji jua tu, na mtu wa kuibeba. Katika hema, familia yenye plake moja ilichajia majirani simu, ikapata unga. Na kwa simu hiyo mtu alijua kama kaka yake yuko hai.

Basi tuitunze. Batri ya gari iliumbwa kuwasha injini: inatoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Ukiikamua hadi mwisho kila usiku, itakufa baada ya miezi michache; ukiacha nusu, itakaa. Usiijaze ndani ya hema lililofungwa mnamolala, kwa kuwa inatoa gesi inayoweza kulipuka karibu na moto. Ikifa, usiivunje nyumbani: risasi iliyo ndani ni sumu, na inaumiza watoto kwanza.

Nilimsomea mama majibu haya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba plake yake ya kwanza ilibaki Masisi. Mume wake aliipigilia misumari juu ya bati, imara kabisa, ili wezi wasiichukue. Usiku wa kukimbia hawakupata muda wa kuing'oa. Ya pili ameipata hapa kwa kuuza mkaa. Akanionyesha: imefungwa kwa kamba tu, na fundo lake ni la kufungua kwa mkono mmoja.

«Siku nikirudi nyumbani,» alisema, «ndipo nitanunua misumari.»