Nyeri: Kaunti Moja, Mbingu Mbili

Katikati ya Julai mkulima wa Othaya huamka na kukuta ukungu umelala juu ya majani ya chai, na huenda siku nzima ikapita bila yeye kuliona jua. Manyunyu huanguka asubuhi, hukatika, kisha hurudi jioni. Wakikuyu huuita msimu huu gathano. Siku hiyo hiyo, kwa safari fupi tu ya matatu, mara nyingi utakuta Kieni anga limetakata, vumbi linafukuza magari na mahindi yamekunja majani. Pande zote mbili zimo katika Kaunti ya Nyeri.

Anayetaka kuelewa kwa nini Kieni hulia njaa huku jirani zake wa Mathira na Othaya wakivuna, na aanze na pepo. Kusi, ule ule uliokuwa ukirudisha majahazi ya Zanzibar hadi Maskati, huingia bara ukiwa umebeba unyevu wa Bahari Hindi. Ukifika kwenye Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, ambayo wengi bado huiita Aberdare, hewa hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, na ikipoa hutoa maji. Sehemu za miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ukizunguka upande wa pili, hewa ile imekwisha kuachia maji yake njiani, na tambarare za Naro Moru hadi Nanyuki hazipati hata nusu ya kiasi hicho. Kaskazi nao ni mkavu, na ndio unaoleta jua kali la Januari na Februari. Pepo hizo zinapobadilishana zamu, ukanda wa mvua huvuka ikweta mara mbili kwa mwaka, nao ndio mwanzo wa masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba.

Wazee wa Nyeri walizipa mvua hizo mbili majina ya mazao. Masika yalikuwa mvua ya njahi, ile mbegu nyeusi ya jamii ya kunde yenye mstari mweupe. Vuli ilikuwa mvua ya mwere, yaani uwele. Mazao yote mawili yana uwezo wa kustahimili mvua inapokatika mapema. Mvua ilipokataa kabisa, wazee walitoa kafara chini ya mti wa mugumo wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ibada ambayo Jomo Kenyatta aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938.

Mvua ilikataa vibaya mwishoni mwa karne ya 19. Ukame wa miaka hiyo ulikuja pamoja na ndui, baada ya sotoka kufyeka ng'ombe. Mwaka 1899 msafara wa Mwingereza Halford Mackinder ulipita Nyeri ukielekea mlimani, ukiwa na wapagazi wengi Waswahili. Chakula kilikuwa hakipatikani, hata ikabidi watu watumwe Naivasha kukitafuta. Mackinder alifika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899. Tarehe hiyo inafaa kuangaliwa: iko kwenye kiangazi kifupi kabla ya vuli. Mwaka 1943 mateka wa vita Mwitaliano, Felice Benuzzi, alitoroka kambini Nanyuki na wenzake wawili ili apande mlima huo huo, akachagua mwisho wa Januari, kiangazi kile kingine. Mlima una madirisha mawili tu ya hewa njema kwa mwaka, na kila anayeuendea hupaswa kuyafuata.

Lakini historia kubwa ya hali ya hewa ya Nyeri haiko kileleni. Iko Kieni. Kabla ya ukoloni, tambarare zile kavu zilikuwa za malisho. Wamaasai walihama na mifugo yao kufuata majani, na mvua ikikosa hapa waliifuata kwingine. Mkataba wa kikoloni wa 1911 uliwaondoa Laikipia na maeneo yake ya jirani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walowezi, wengi wao askari wa zamani, walipewa ardhi kuzunguka Naro Moru na Nanyuki. Nao pia, pamoja na dhuluma yote ya umilikaji huo, walifuga ng'ombe na kondoo kwenye mashamba makubwa mno, kwa sababu nchi haikukubali zaidi ya hapo.

Baada ya uhuru mashamba hayo yakanunuliwa, mengine kupitia makampuni na vyama vya ushirika, yakakatwa vipande vya ekari chache. Wanunuzi walitoka kwenye vilima vyenye mvua: Mathira, Tetu, Othaya, ambako ardhi ilikuwa imebanwa tangu zama za mkoloni. Walikuja na furaha ya watu waliorudishiwa haki, na sina neno la kuwalaumu. Ila walikuja pia na jembe, mbegu na kalenda ya kwao. Mahindi yalikuwa yamekwisha kushika nafasi ya njahi na uwele, na mahindi yanataka mvua isiyokatika. Yakapandwa Machi kama Mathira. Masika ya 1984 yalipokosekana, nchi nzima iliumia na serikali ikaagiza mahindi ya njano kutoka nje, lakini Kieni iliumia bila hata mito ya kutosha kujiokoa. Ikaumia tena katika ukame wa 2020 hadi 2022. Leo Nyeri, inayosifika kwa kahawa na chai, imo katika orodha ya taifa ya kaunti kame, na ni kwa ajili ya Kieni.

Wengi husema mito ya Kieni inakauka kwa sababu theluji ya mlima inayeyuka. Ni kweli barafu inakwisha: barafuto ya Lewis, iliyopimwa na kuchorwa ramani mwaka 1934, ilikuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kufikia 2010. Lakini ilikuwa ndogo tangu zamani, na maji yake ni sehemu ndogo mno ya mito kama Naro Moru au Burguret. Mito hiyo hulishwa na msitu na nyanda zenye majimaji zilizo juu yake, zinazonyonya mvua na kuiachia polepole. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilikagua msitu kutoka angani na kukuta miti ya asili ikikatwa ovyo, makaa yakichomwa na bangi ikilimwa ndani kabisa. Mwaka uliofuata serikali iliuweka msitu wa Mlima Kenya chini ya ulinzi wa shirika hilo. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa wa hali ya hewa kuliko mwingine wowote uliofanywa kwa ajili ya kaunti hii.

Utabiri wa msimu sasa hutolewa kwa kila kaunti. Kwa Nyeri hilo halitoshi. Redio ikitangaza kwamba mvua ya Machi imekaribia, mkulima wa Kieni na aulize kwanza inanyesha upande gani, na maafisa wa kilimo wawe na jibu lake, pamoja na mbegu ya njahi na uwele, kabla hajaingiza punje ya mahindi ardhini.