Tairi la Tano

 

Leo tutasimulia habari za kitu ambacho wengi wenu mmepata kukiona kimeegemezwa ukutani mwa banda la gari, au kimefungwa nyuma ya motokaa. Kitu hicho ni tairi la akiba, ambalo madereva huliita spea. Motokaa ndogo hutembea kwa matairi manne. Hili ni la tano.

Wazee wetu walituachia methali isemayo: Akiba haiozi. Wenye kuweka fedha wanajua ukweli wa maneno hayo. Lakini mwenye kuweka tairi na aangalie sana, maana akiba ya namna hii huoza, tena huoza huku imetulia mahali pake. Historia ya tairi la tano itatuonyesha sababu.

Kwanza tuulize: tairi lenyewe lilitoka wapi?

Zamani magurudumu ya magari ya farasi na ya ng'ombe yalikuwa ya mbao, yamezungushiwa ukanda wa chuma. Mpira ulijulikana, lakini haukufaa kwa kazi ngumu. Wakati wa joto ulinata kama gundi, na wakati wa baridi ulipasuka. Mwaka 1839 Charles Goodyear, mtu wa Marekani, aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kutiwa moto hupata nguvu, wala haudhuriwi tena upesi na joto au baridi. Mwaka 1845 Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alipata hati ya haki ya uvumbuzi wa gurudumu la mpira lenye upepo ndani. Lakini wakati ule motokaa hazikuwako, hata baiskeli za kawaida hazijaenea, na uvumbuzi wake ukasahauliwa.

Ndipo akaja John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, Ireland. Mtoto wake alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, nayo ilimrusharusha juu ya mawe ya barabarani. Mwaka 1887 baba yake alijaza upepo katika bomba la mpira, akalifunga kwa kitambaa kuzunguka gurudumu. Baiskeli ikaenda laini na kwa wepesi. Mwaka 1888 Dunlop akapata hati yake, na baada ya miaka michache watu wengi walitaka matairi ya upepo.

Upepo ulileta raha, lakini ulileta na adui mpya. Adui huyo mnamjua: ni pancha. Barabara za siku zile zilijaa misumari iliyodondoka katika kwato za farasi. Na tena, gurudumu la motokaa za kwanza halikutengenezwa ili livuliwe njiani. Msumari ukiingia, dereva hupiga magoti kando ya barabara, hulitoa tairi kwa vyuma, hutafuta tundu, hubandika kiraka, kisha hujaza upepo kwa pampu ya mkono. Kazi hiyo aliifanya mvuani, na hata gizani.

Mwaka 1904, katika mji wa Llanelli nchini Wales, ndugu wawili, Tom na Walter Davies, waliuza dawa ya taabu hiyo. Walitengeneza duara la chuma lisilo na vijiti vya katikati, lenye tairi lililokwisha kujazwa upepo. Dereva akipata pancha alilibana duara hilo ubavuni mwa gurudumu lililoharibika, akaendelea na safari. Kazi yao waliifanyia katika mtaa uitwao Stepney, kwa hiyo gurudumu lao likaitwa Stepney, likauzwa katika nchi nyingi.

Baadaye yalienea magurudumu yanayofungwa kwa nati, ambayo mtu aweza kuyavua yote kwa spana na jeki. Kazi ya Stepney ikaisha, lakini jina halikufa. Hata leo watu wengi wa India na wa Malta huliita tairi la akiba Stepney, na nchini Brazil huitwa estepe.

Sasa twende mbele mpaka Vita Kuu ya Pili. Mapema mwaka 1942 majeshi ya Japani yaliteka Malaya, na baadaye visiwa ambavyo leo ni nchi ya Indonesia. Huko ndiko sehemu kubwa ya mpira wa dunia ulikotoka. Nchi zilizokuwa zikipigana na Japani zikaona njaa ya mpira. Hapa kwetu Tanganyika, mashamba ya mpira yaliyopandwa zamani za Wadachi na kuachwa yamee magugu yalifunguliwa, miti ikagemwa upya.

Marekani, nchi yenye motokaa nyingi kuliko zote wakati ule, ilianza kugawa matairi kwa kipimo Januari 1942. Mtu hakuweza tena kwenda dukani na kununua tairi kama apendavyo. Mwendo wa magari ukawekewa mpaka wa maili 35 kwa saa, yaani kilometa 56 hivi, ili matairi yasilike upesi. Petroli nayo ikagawiwa kwa kadi. Katika sehemu nyingi za nchi ile petroli ilikuwapo, lakini magari yakitembea kidogo, mpira hudumu zaidi.

Kisha serikali ikatazama ndani ya mabanda ya magari nyumbani kwa watu. Mwenye motokaa aliruhusiwa kubaki na matairi matano tu kwa kila gari. La sita, la saba, na yote yaliyolundikwa pembeni, ilimpasa ayauzie serikali, la sivyo hakupata kadi ya petroli. Angalieni vizuri hesabu hiyo. Hata katika dhiki ile la tano halikuchukuliwa. Liliachwa liwe sehemu ya gari lenyewe. Yaliyosimama kando bila kazi ndiyo yaliyokwenda kufanya kazi.

Vita viliisha, mpira ukapatikana tena, na watu wakarudi kulundika matairi. Hapo ndipo likatokea jambo ambalo wachache walilitazamia. Mwaka 1985, katika mji wa Houston, Marekani, walionekana mbu wa Asia wenye mistari myeupe na myeusi, wakiwa wengi, wamekwisha kufanya makao. Wataalamu waliona kwamba mbu hao walivuka bahari ndani ya shehena za matairi makuukuu. Mwaka 1990 mbu hao walionekana Genoa, Italia, nako ilionekana kwamba waliletwa na matairi.

Kwa nini tairi? Kwa sababu ya umbo lake. Ulisimamishe au ulilaze, maji ya mvua yakiingia hubaki ndani, kivulini. Mbu hubandika mayai juu kidogo ya maji. Maji yakikauka, mayai huweza kungoja miezi mingi, na maji yakirudi huanguliwa. Mbu wa Asia, na ndugu yake wa Afrika ambaye naye ana madoa meupe na huuma mchana, wote wawili huweza kueneza homa ya dengi. Homa hiyo ilizuka Mombasa mwaka 2013 na Dar es Salaam mwaka 2014. Kwa hiyo tairi lililotupwa uani si uchafu wa macho tu. Laweza kuwa kisima cha ugonjwa kwa nyumba yako na ya jirani.

Sasa tukusanye mafundisho ya historia hii, tuone namna ya kutunza tairi la tano nyumbani.

La kwanza: liweke pakavu, chini ya paa. Kama huna banda, lifunike kwa turubai lililovutwa sawasawa, lisifanye mashimo ya kukusanya maji. Mvua ikinyesha, ukague ndani ya kila tairi, umwage maji yote.

La pili: liweke penye kivuli na ubaridi. Jua na joto hukausha mpira, ukapasuka nyufa ndogondogo. Mafuta na petroli huulainisha na kuuharibu. Mota ya umeme inayotoa cheche pia hutoa hewa kali iitwayo ozoni, ambayo hula mpira. Usiweke matairi karibu nayo.

La tatu: lipange vizuri. Tairi lililo na chuma chake, yaani rimu, lilazwe, na ukipanga moja juu ya jingine yasizidi manne. Tairi lisilo na rimu lisimamishwe wima, nawe uligeuze mara kwa mara lisiharibike umbo kwa kukaa upande mmoja.

La nne: lihamishe kwa akili. Gurudumu la motokaa ndogo lina uzito wa kilo 15 au zaidi. Lisimamishe, ulisukume polepole kwa mikono miwili, ukitembea ubavuni mwake. Mahali pa mteremko usiliachie kamwe. Gurudumu lililokimbia laweza kumvunja mtoto mguu. Ukitaka kuliinua, kunja magoti na uweke mgongo wima, au mwite mwenzako.

La tano: lijue umri wake. Chukueni penseli zenu, mwandike namba hii: 2319. Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 huwa na namba nne kama hizo ubavuni. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Basi tairi hili lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi lisitumiwe baada ya miaka 10, hata kama halijagusa barabara. Pia pima upepo wake kila mwezi. Spea isiyo na upepo haimsaidii mtu usiku porini.

Mnaona, ninyi mlioanza kusoma tarakimu, sasa mwaweza kusoma umri wa tairi kabla ya kulinunua, wala muuzaji hatawaambia kuukuu ni jipya.

Maswali ya darasani:

1. Kwa nini dereva wa kwanza alipata taabu sana alipopata pancha?
2. Jina Stepney lilitoka wapi?
3. Mwaka 1942 mtu wa Marekani mwenye motokaa moja na matairi manane ilimpasa auze mangapi?
4. Tairi lenye namba 0815 lilitengenezwa lini? Linafaa kutumiwa leo?
5. Nendeni nyumbani mkakague matairi yote yaliyo uani. Mangapi yana maji?

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.